UCHOVU WA MISHIPA YA FAHAMU
Kwa nini moyo unakosa raha, na namna ya kupata nafuu

Mtu akivunjika mguu nyumba nzima inajua la kufanya. Atapewa kiti, ataletewa chakula, na majirani watakuja kumpa pole. Lakini mtu akichoka mishipa ya fahamu hakuna anayeona bandeji. Kinachoonekana ni kwamba baba amekuwa mkali kama pilipili, mama analia jikoni bila sababu, au kijana aliyekuwa mchangamfu anajifungia chumbani. Hapo ndipo lawama zinapoanza. Huyu ni mvivu. Huyu ana kiburi. Huyu amerogwa. Huyu imani yake imepungua. Na mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa hana kidonda cha kuonyesha, mwishowe naye huanza kuyaamini maneno hayo.

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tunapenda kuzungumzia hali hii, na hasa upande wake ule unaotesa kuliko uchovu wenyewe: fadhaa, hofu, kukereka na mawazo yasiyokoma. Uchovu wa mwili mtu huweza kuuvumilia. Kinachowavunja wengi ni vurugu ile ya moyoni wasiyojua imetoka wapi.

Hali hii si ngeni duniani. Mwaka 1869 daktari mmoja wa Marekani, George Beard, aliipa jina la nyurasthenia, maana yake udhaifu wa neva. Yeye alifikiri kwamba neva zina akiba ya nguvu kama betri, na kwamba maisha ya mbio za wakati ule, pamoja na reli, telegrafu na magazeti, yalikuwa yakiimaliza akiba hiyo. Tukiangalia simu zilizomo mikononi mwetu leo, tunaweza kutabasamu kidogo kwamba mtu alilalamikia telegrafu. Jina hilo siku hizi halitumiki sana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, linataja kuchakaa kwa mtu kutokana na kazi, ingawa halikuiita hali hiyo ugonjwa. Sisi tungeongeza kwamba kumuuguza mzee nyumbani, kulea mtoto mwenye ulemavu, au kuendesha duka huku deni linakufukuza, nayo ni kazi, hata kama hakuna mshahara. Mtaani kwetu watu husema tu, "Nina mawazo," au "Kichwa kimejaa." Ni maneno mazuri, na tutayarudia.

MISHIPA INACHOKAJE?

Tuseme wazi kwamba mishipa ya fahamu haichakai kama kamba ya kisima, uzi mmoja mmoja hadi ikatike. Mtu asiogope kwamba kuna kitu kimekatika kichwani. Kinachotokea ni hiki. Mwili una mfumo wake wa hatari. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo hutoa ishara, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hudunda, pumzi huenda mbio, misuli hukaza, tumbo husimama kazi yake. Kwa dakika chache mtu ana nguvu za kukimbia au za kumpiga nyoka. Nyoka akiondoka, mwili hurudi kwenye utulivu. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, aliandika kwamba mwili ukisukumwa muda mrefu na shida za namna yoyote ile hupitia hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha huzoea na kuhimili, na mwisho, mzigo usipopungua, huchoka.

Sasa fikirini mlinzi wa getini. Akilala mchana na kukesha usiku anafanya kazi yake vizuri. Lakini mkimwacha majuma matatu bila mtu wa kumpokea zamu, haishii kusinzia tu. Anaanza pia kupiga filimbi kwa kila paka anayepita. Jani likianguka, anapiga kelele za mwizi. Ndivyo ulivyo mfumo wa hatari wa mtu aliyechoka. Haujalala, umezidi kuwa macho. Sufuria ikianguka moyo unaruka. Mtoto akiuliza swali mara mbili mtu anafoka. Simu ikilia usiku mtu anaona msiba. Hii ndiyo sababu mtu aliyechoka kiasi hiki, badala ya kulala kama gogo, anakodoa macho gizani. Watu humshangaa: umechoka, mbona hulali? Jibu ni kwamba filimbi inalia.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wake anafanya kazi mkoa mwingine. Mama mkwe wake amepata kiharusi, amepooza upande mmoja, na analala kwake. Mama huyu huamka saa kumi alfajiri, humgeuza mgonjwa, hubadilisha shuka, hupika uji, huwaandaa watoto, kisha huenda kusimama mbele ya darasa lililojaa. Jioni kuna madaftari ya kusahihisha, na siku ya Jumamosi kuna kikao cha kikundi cha kukopeshana ambako marejesho yake yamechelewa. Mwezi wa kwanza anaweza. Mwezi wa pili anaweza, na watu wanamsifu. Mwezi wa nne anaanza kuona mambo ambayo hakuyajua ndani yake. Anasahau majina ya wanafunzi. Anamchapa mtoto wake kwa kosa la maji kumwagika, halafu analia naye. Na usiku mmoja, akiwa amemgeuza mgonjwa kwa mara ya tatu, wazo linampitia: "Heri angekufa tu, tukapumzika."

Hapo ndipo mateso yanapoanza kweli. Mpaka usiku ule alikuwa amechoka. Kuanzia usiku ule anajiona mwovu.

WAZO LISILOALIKWA

Tunakaa kidogo kwenye jambo hili, maana ni wachache wanaolizungumza, na wengi wanalibeba peke yao. Ubongo uliochoka hutoa mawazo ya kutisha. Mama mwenye mtoto mchanga huona picha ya mtoto akianguka kisimani. Kijana mpole huona picha ya kisu. Baba huwaza kupanda basi na kutoonekana tena. Mtu mwenye nguvu zake mawazo kama haya humpitia pia, lakini huyapuuza kama upepo. Aliyechoka huyashika, huyageuza, huyaogopa, na kadiri anavyoyaogopa ndivyo yanavyorudi.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake walichapisha jaribio moja rahisi. Waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila mara atakapowajia akilini. Kengele zililia zaidi ya mara moja kwa dakika. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe, asimfikirie twiga mwekundu hadi mwisho wa aya hii. Kulifukuza wazo kwa nguvu ni kuliita. Mama yule akiapa kwamba hatawaza tena kifo cha mama mkwe, ameshajifungia nacho chumba kimoja.

Kwa waumini kuna uzito mwingine juu ya huo, nao ni hofu ya dhambi. Tunaona watu wanaorudi kitubio kila Jumamosi kuungama wazo lilelile, na wanatoka wakiwa na wasiwasi kuliko walivyoingia. Mafundisho ya Kanisa yenyewe hayasemi hivyo: wazo lililoingia bila ridhaa ya mtu si dhambi, na mama anayeendelea kumwosha na kumlisha mgonjwa ameshaonyesha ridhaa yake iko wapi. Mwenye shida hii amweleze padre mmoja, waziwazi, kwamba amechoka na halali. Asizunguke kwa mapadre watano.

HOFU YA KWANZA NA HOFU YA PILI

Mmoja wa walioeleza vizuri mateso haya alikuwa mama daktari wa Australia, Claire Weekes, aliyezaliwa Sydney mwaka 1903 na kufariki mwaka 1990. Alipokuwa kijana aliambiwa kimakosa kwamba ana kifua kikuu, akakaa sanatoria akisubiri kifo. Alipotoka moyo wake ulikuwa ukidunda ovyo kwa hofu, na miezi ikapita akidhani ni ugonjwa wa moyo. Ndipo rafiki yake aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza akamwambia kwamba hata mioyo ya askari ilidunda hivyo huko vitani, kwa sababu ya woga tu. Neno hilo moja lilimfungulia njia. Baadaye akawa daktari wa wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichosomwa na watu wengi.

Yeye alitofautisha hofu mbili. Hofu ya kwanza ni ile inayowaka yenyewe: moyo kuruka, tumbo kukatika, joto kupanda kichwani. Hiyo ni filimbi ya mlinzi wetu aliyechoka, na mtu hawezi kuizuia. Hofu ya pili ni ile mtu anayoiongeza mwenyewe: "Mungu wangu, imekuja tena! Nikianguka sokoni? Nikipata wazimu mbele ya watoto?" Hofu hii ya pili humwaga adrenalini nyingine, moyo hudunda zaidi, na mtu huona uthibitisho kwamba kweli anakufa. Basi mduara unazunguka. Mtu anaogopa dalili, na woga wenyewe ndio unaozipika dalili.

Ushauri wake ulikuwa wa hatua nne: ikabili hali hiyo badala ya kuikimbia, ikubali, elea juu yake, na uache muda upite. Neno hilo la kuelea linaeleweka vizuri na watu wa ziwani na pwani. Mtu asiyejua kuogelea akitumbukia, mapigo yake ya mikono ndiyo yanayomzamisha. Akilegeza mwili, maji yenyewe yanambeba. Kwa mtu aliyeko kwenye foleni ya benki na moyo umeanza kudunda, kuelea maana yake ni kulegeza mabega, kusema kimoyomoyo "ni mishipa tu, itapita," na kubaki kwenye foleni. Asikimbie. Akikimbia leo, kesho benki itakuwa na simba.

Pumzi nayo ina sehemu yake. Mwenye fadhaa hupumua harakaharaka kwa kifua cha juu, na kwa kufanya hivyo hupunguza mno damuni ile hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo mwili unaihitaji kwa kiasi chake. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi mdomoni na vidoleni, hata vidole kukakamaa. Tumesikia mtu mwenye hali hiyo akiambiwa ana mapepo, akashikwa na watu wanne huku wengine wakipiga kelele masikioni mwake. Alichohitaji ni kukaa mahali pa utulivu, kuvuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi ya alivyoivuta, kama anayepoza uji kwenye kijiko, kwa dakika kadhaa.

Na kuna jinamizi. Mtu anazinduka usiku, anaona chumba, lakini hawezi kuinua mkono wala kuita, na anahisi kitu kizito kifuani. Nyumba ngapi zimegombana na bibi kizee wa jirani kwa sababu hiyo! Tukiwa katika usingizi wa ndoto mwili hulegezwa makusudi ili tusirushe mateke tunayoyaota. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hudumu sekunde chache au dakika chache, halafu huisha. Huwatembelea zaidi watu wasiolala vya kutosha, yaani haohao tunaowazungumzia.

NAFUU INAANZIA WAPI?

Wengi watasema: apumzike. Ni kweli, ila kuna namna. Huko Marekani, baada ya Beard, daktari mwingine aitwaye Silas Weir Mitchell wa Philadelphia alipata sifa kwa dawa ya kulaza watu. Wagonjwa, hasa wanawake, walilazwa majuma sita hadi manane, wakashibishwa kwa chakula na maziwa mengi, na wakakatazwa kusoma, kuandika na hata kupokea wageni. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alitibiwa na daktari huyo mwaka 1887, akasema baadaye kwamba tiba hiyo karibu impotezee akili. Mwaka 1892 alitoa hadithi juu ya mwanamke aliyefungiwa chumbani namna hiyo. Mtu aliyechoka mishipa akiachwa kitandani mchana kutwa anabaki na nini? Anabaki na dari na mawazo yake.

Kinachosaidia ni mzigo kupunguzwa na siku kubaki na umbo lake. Mama wa mfano wetu hahitaji kulazwa. Anahitaji usiku mbili kwa juma ambazo mtu mwingine atamgeuza mgonjwa. Shemeji yupo? Binti wa mjomba? Jumuiya ndogondogo ambayo huja kusali kwa mgonjwa Alhamisi inaweza, baada ya sala, kumwachia mama mmoja alale hapo, au kufua shuka zile. Tunasema hili kwa kuwa tunajua tabia yetu. Huja watu ishirini siku ya kwanza na soda, na mwezi wa nne haji mtu. Mume naye asidhani kwamba pesa anayotuma ni mkono wa kumgeuza mgonjwa.

Kuhusu usingizi, mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na wengi wa wagonjwa wetu wanapata nne zilizokatikakatika. Saa ya kuamka isibadilike, hata baada ya usiku mbaya, kwa maana ndiyo inayopanga usingizi wa usiku unaofuata. Mtu akikaa kitandani kama dakika ishirini bila usingizi, asigombane na mto. Ainuke, akae kwenye kiti au mkeka palipo na mwanga hafifu, asali au ashone, arudi macho yakiwa mazito. Familia inayolala chumba kimoja, hata kukaa tu ukingoni mwa kitanda kunatosha. Simu iwe mbali, na saa igeuzwe ukutani. Kuhesabu "sasa ni saa nane, sasa ni saa tisa" ni kazi ya ziada ambayo hakuna aliyeituma.

Chai ya rangi iliyokolea na kahawa vina kafeini, na mara nyingi nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi jioni basi bado kinafanya kazi saa tatu usiku. Ndugu zetu wa Kagera wakumbuke kwamba buni za kutafuna ni kahawa vilevile. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva na wanafunzi wa siku hizi wanavipenda, ni kumpiga mjeledi punda aliyekwisha kupiga magoti. Pombe hudanganya zaidi: humlaza mtu upesi, kisha humwamsha saa tisa usiku moyo ukidunda.

Tunasikitika kuona vidonge vya usingizi vikinunuliwa dukani kama pipi. Diazepamu na dawa za jamii yake zina mahali pake, kwa siku chache au majuma machache, chini ya macho ya daktari. Zikitumiwa miezi, mwili huzizoea, dozi hupanda, na mtu akiziacha ghafla anaweza hata kupata degedege. Aliyekwisha kuzizoea asizitupe leo; aende apangiwe namna ya kuzipunguza kidogokidogo.

Mawazo nayo yapewe saa yake. Saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijawa nzito, mtu achukue daftari na kuyaandika yote kwa dakika ishirini: ada, deni, dawa, bati linalovuja. Pembeni ya kila moja aandike hatua moja ya kesho, kama ipo, na kama haipo aandike "haipo." Yakija usiku wa manane, ayaambie yana saa yake. Mwanzoni hayatatii. Baada ya majuma mawili matatu huanza kuzoea.

BENCHI LA AKINA BIBI

Habari moja inatupa moyo. Huko Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni ndugu kabisa wa "nina mawazo" yetu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alipokuwa na madaktari wachache mno wa kumsaidia, alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mgonjwa hukaa na bibi, na kwanza hufungua moyo wake wote. Kisha huchagua tatizo moja tu, si yote, na wawili hao hutafuta hatua moja inayowezekana. Akirudi juma lijalo huulizwa imekwendaje.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na akina bibi, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 kwa kila 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida ya zahanati walikuwa takriban 50. Mpango huo ulivuka mipaka baadaye, ukafika hata Malawi na Zanzibar.

Angalieni bibi hafanyi nini. Hahubiri. Hasemi, "Mbona fulani ana shida kuliko wewe?" Hamkati mtu kauli ili atoe kisa chake mwenyewe. Katika nyumba zetu, neno linaloumiza kuliko yote ni "jikaze." Mgonjwa huyu amejikaza miezi minne, kujikaza ndiko kulikomfikisha hapa. Heri kumwambia, "Dada, naona umechoka. Leo nipe mimi kazi moja." Na awe na kazi kweli ya kupokea, si maneno.

Wanaume tunawasahau katika habari hii. Baba aliyechoka mishipa mara nyingi halii. Hununa, huchelewa kilabuni, hupiga meza, hulalamika mgongo na kichwa. Ukimuuliza juu ya mawazo atasema hana. Muulize analala saa ngapi, na kama bado anafurahia mpira. Atajibu.

SI KILA UCHOVU NI MISHIPA

Kabla ya kusema "ni mawazo tu," mtu apimwe. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, vyote huweza kuleta uchovu na moyo kwenda mbio. Mama aliyejifungua karibuni na mama aliyefikia ukomo wa hedhi wana sababu zao za mwilini. Dawa nyingine pia huvuruga usingizi na ndoto, kwa hiyo mgonjwa azitaje zote anazotumia, pamoja na zile za mitishamba.

Na kuna uchovu uliokwisha kuvuka mpaka ukawa sonona. Mtu amepumzika, mzigo umepungua, lakini majuma mawili sasa haoni furaha katika jambo lolote, hali, anajiona hafai, anaamka alfajiri na huzuni kama jiwe. Huyo anahitaji daktari. Dawa za sonona zipo, huchukua majuma mawili hadi manne kuanza kuonyesha kazi yake, na asiyejua hilo huziacha siku ya kumi akisema hazimfai. Wengine wanaogopa kwamba wataitwa watu wa Mirembe. Mirembe, pale Dodoma, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na ina kazi yake ya heshima, lakini wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa hospitali za wilaya na mikoa, wakirudi kulala nyumbani kwao.

Akisema afadhali asingekuwapo, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msimwache peke yake hata saa moja. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa pumzi. Sumu ya panya, dawa za mifugo na za mashambani zitoke ndani ya nyumba siku hiyohiyo, zikawekwe kwa jirani, na mgonjwa apelekwe hospitali akiwa na mtu anayemwamini. Vivyo hivyo kwa anayesikia sauti wasizozisikia wengine, kwa mama mzazi aliyechanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua, na kwa mtu ambaye halali kabisa siku kadhaa lakini ana nguvu na maneno kuliko kawaida yake.

Mtu akifika zahanati, asiseme tu "naumwa kichwa," maana atapewa panadoli na kurudishwa. Aseme: nina miezi kadhaa silali vizuri, moyo unadunda, nina hofu, namuuguza mtu nyumbani, naomba nipimwe damu na nizungumze na mtu wa afya ya akili. Akishindwa kuyasema, ayaandike kwenye kipande cha karatasi usiku wa kuamkia, ampe mganga akisome.